Ua la kushoto limekataa kufanana na la kulia

Assalaam alaykum Somo,

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Mombasa, na kazi yangu ni kupaka hina. Nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama tangu nikiwa darasa la sita. Alinipa njiti ya kibiriti na kibakuli cha hina, akaniambia nichore juu ya paja langu mwenyewe mpaka nijue. Sasa natumia koni kama wenzangu wote. Nimepaka mabibi harusi wengi, na hadi mwaka jana sikuwahi kupata lawama ya kunikosesha usingizi.

Lililonifika ni hili. Kabla ya Ramadhani iliyopita nilichukuliwa kumpaka bibi harusi nyumbani kwao. Alinionyesha picha kwenye simu: waridi kubwa mgongoni mwa kiganja, shina likishuka hadi kidole cha shahada, na majani madogo madogo yakipanda mpaka karibu na kisugudi. Ilikuwa picha ya mkono mmoja tu, wa pili haukuonekana. Nikamwambia hewala, hiyo naiweza.

Nilianza na mkono wa kulia, ukatoka kama nilivyotaka. Wa kushoto nao ulikuwa mzuri, wallahi ulikuwa mzuri, lakini waridi lake lilitoka na petali saba badala ya nane, na lilielemea kidogo upande wa kidole gumba. Asubuhi hina ilipokauka na kubanduliwa, shangazi yake aliishika mikono yote miwili, akaiweka pamoja mbele ya wanawake waliojaa chumbani, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Alipofika saba akanyamaza, akanitazama. Nililipwa nusu. Halafu picha ya ile mikono, na duara jekundu limezungushwa kwenye ua la kushoto, ikapita kwenye makundi ya WhatsApp mpaka ikanirudia mimi mwenyewe, kutoka kwa mteja niliyempaka Idi.

Tangu siku hiyo mkono wangu hauna raha. Nikishika koni unatetemeka. Nachora mstari, nauona umepinda, naufuta kwa pamba, nachora tena, nafuta tena. Kazi niliyokuwa nikiimaliza kwa saa mbili sasa inanichukua tano, na mteja anaondoka na madoa ya rangi ya chungwa pale nilipofuta. Nimenunua stika, zile za kubandika kwenye ngozi ukapaka juu yake. Mwenzangu mmoja ananishauri niache kabisa hina ya unga, nitumie rangi ya nywele. Anasema mstari unatoka mweusi, umenyooka, sawasawa kila mahali, tena hauna haja ya kusubiri.

Nilimweleza bibi. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, hachori tena. Alicheka, akasema, "Kwani wewe ni mashine?" Kisha akaendelea na uradi wake. Sikupata zaidi ya hilo.

Sasa binti wa mama yangu mdogo anaolewa baada ya wiki tatu, na ameshikilia kwamba hapakwi na mtu mwingine ila mimi, mikono na miguu. Nimkubalie, au nimwombe radhi mapema kabla sijamharibia siku yake? Na nikimkubalia, niende na stika? Somo, mimi maua nayapenda. Ningekuwa siyapendi ningeshaacha.

Mpaka hina, Mombasa

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pamoja. Si pale pa petali saba. Ni pale uliposema kwamba kwenye picha ya simu mkono wa pili haukuonekana. Umeliandika neno hilo ukapita, nami nataka urudi ulitazame. Fungua picha zote za hina ulizozihifadhi, uhesabu ni ngapi zinazoonyesha mikono miwili imelala sambamba, migongo juu, bila kidole kuficha kitu. Mimi nimefanya hivyo kwenye simu ya binti yangu. Nyingi zilikuwa za mkono mmoja, au mmoja umeulalia mwenziwe, au mmoja umeshika shada la maua. Mpiga picha huchagua mkono uliompendeza. Kwa hiyo siku ile ulishindanishwa na mkono ambao mwenziwe amefichwa, na wewe ulilazimika kuiweka yako yote miwili mezani.

La malipo nitalifikia. Kwanza nikupe la kwangu.

Mimi niliolewa Tanga mwaka 1984. Koni hatukuwa tukizijua wakati huo, hina ilipakwa kwa njiti. Alinipaka bibi mmoja jirani yetu, mtu wa maneno machache. Alikuwa amekwisha kuchora mgongo wa kiganja, yuko kwenye kifundo cha mkono, mtoto akapita mbio akamgonga kisugudi. Tone kubwa la hina likaanguka mahali patupu, mbali na ua lolote. Mama yangu akarukia kitambaa. Yule bibi akamzuia kwa mkono wake wa kushoto, wala hakuinua uso. Akachovya njiti, akalivuta lile tone upande wa juu mpaka likachongoka, akalipa vijani viwili chini yake kama kikombe, kisha akatoa kikonyo chembamba, kimepinda, kikaenda kujiunga na ua la karibu. Likawa tumba, ua ambalo bado halijafunguka. Akapuliza kidogo, akaendelea na kazi yake kana kwamba tumba lile lilikuwa kichwani mwake tangu asubuhi.

Maua mengine ya siku ile siyakumbuki hata yalikuwa mangapi. Tumba lile nalikumbuka mpaka leo. Nilikuwa nikiosha vyombo nalitazama. Lilipofifia nilisikitika.

Sasa mtazame yule bibi kwa jicho la fundi. Kwa nini hakufuta? Hina haingoji ruhusa. Rangi iliyomo ndani ya jani, ambayo wanasayansi huiita losoni, huanza kuingia kwenye tabaka la juu la ngozi mara unga mbichi unapogusa. Ukiuondoa papo hapo huenda usione kitu. Ukichelewa dakika moja tu umeshaacha alama, na pamba yako haiiondoi alama hiyo, inaitandaza. Unachukua mstari mwembamba uliopinda, kitu ambacho kingeweza kuwa jani, unaugeuza kuwa doa pana lisiloweza kuwa chochote. Yale madoa ya chungwa unayoyalalamikia, mwanangu, hayakuletwa na mkono unaotetemeka. Yameletwa na pamba.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokutaka ufanye ni kuiondoa pamba kwenye sinia lako la kazi. Iweke chumba cha pili. Baki na kijiti kimoja cha meno, cha kuvuta na kuchongoa, kama alivyofanya yule bibi. Mstari ukipinda, ufuate kule unakotaka kwenda, uupe jani mwishoni. Mizabibu haikui kwa rula.

Halafu kuna ile petali ya nane. Nadhani najua ilipotelea wapi. Ulianza petali ya kwanza juu, ukazunguka kwa mpangilio, ya pili, ya tatu, mpaka ulipokaribia kufunga duara ukakuta nafasi iliyobaki ni ya petali moja na nusu. Ukainyoosha moja ikajaza pengo, ua likaelemea. Sivyo? Kila anayezunguka kwa mpangilio hufikwa na hilo, hata awe na miaka 30 kazini. Fanya hivi: chora kitovu, kisha weka petali ya juu na ya chini, halafu ya kulia na ya kushoto, ndipo ujaze katikati. Ikitokea bado kuna pengo dogo, usiilazimishe petali nzima. Weka nusu yake tu, kama vile inachungulia nyuma ya mwenziwe, au lifunike pengo kwa jani. Waridi halisi halikuonyeshi petali zake zote. Nyingine ziko nyuma, nyingine zimekunjwa.

Na mkono wa kushoto kutofanana na wa kulia, hilo lina sababu iliyo wazi kabisa. Wewe unachora kwa mkono mmoja. Mkono huo una upande unaopenda kupindia na upande unaougomea. Jaribu sasa hivi kuchora duara kwa kwenda kulia, kisha kwa kwenda kushoto, utaliona. Unapomchora mteja mikono miwili kama kioo, ua moja linakwenda na mkono wako na la pili linakwenda kinyume chake. Ongeza na uchovu: wa kulia uliuchora ukiwa na nguvu, wa kushoto umeshakaa saa nzima umeinama. Dawa ya hili ni kubadilishana. Chora ua la kulia, hamia kushoto uchore lake, rudi kulia kwenye shina, hamia tena. Mikono yote miwili itapata nguvu yako na uchovu wako kwa kiasi kimoja.

Hata hivyo, usitafute pacha. Mimi nakusihi kwa moyo wote, usitafute pacha. Tafuta ndugu, waliotoka tumbo moja, ukiwaona tu unajua ni wa nyumba ile ile, lakini mmoja mrefu na mwingine ana kishimo shavuni. Shina lianzie mkono wa kulia na limalizikie wa kushoto, upande mmoja ua limefunguka, upande wa pili lina tumba pembeni. Hapo anayetaka kuhesabu hatakuwa na cha kuhesabu, maana hukumwahidi hesabu.

Jioni moja wiki hii nunua asmini, ile yetu nene ya kutungia vikuba, chukua kama kumi hivi, uziweke kwenye kitambaa cheusi. Zitazame moja moja kwa karibu. Utakuta idadi ya petali hailingani kutoka ua moja hadi jingine. Petali moja imejikunja ncha, nyingine pana kuliko jirani yake. Zote zimetoka kijiti kimoja, na hakuna mwanamke wa pwani aliyewahi kuirudisha asmini sokoni kwa sababu hiyo. Chora hizo kumi kama zilivyo, usizirekebishe. Ukimaliza, linganisha na yale maua uliyokuwa ukiyanakili kwenye simu, uone lipi linanukia. Najua hina haina harufu ya asmini. Unanielewa.

Na kwa kuwa uko Mombasa, una bahati nyingine. Pita Mji wa Kale, usimame mbele ya mlango mmoja wa zamani wa nakshi. Tazama ule mfaa, mti wa katikati ambapo mbao mbili zinakutana. Palipo na mawaridi yaliyochongwa kutoka juu hadi chini, weka kidole juu ya moja, ulifuate, kisha uende la pili. Patasi imeingia zaidi hapa, pale imeteleza. Fundi aliyechonga hakuitupa ile mbao, aliendelea kushuka na waridi linalofuata. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuitazama milango hiyo, nao hawaji na kikokotoo.

Kuhusu kutetemeka. Nakubali kwamba woga upo, lakini nataka tuuondoe mzigo usio wake. Kwanza, unga. Unachuja? Hina iliyokorogwa bila kuchujwa ina chembe, na chembe ikiziba mdomo wa koni unaminya kwa nguvu, mara inafunguka ghafla inatema, nawe unadhani ni mkono. Pitisha hina kwenye soksi nyepesi ya kike kabla ya kujaza koni. Iwe laini, ikinyanyuliwa kwa kijiko iteremke kama utepe, isikatike. Pili, koni usiiburure juu ya ngozi. Iinue kidogo, uzi wa hina utoke na ujilaze wenyewe, wewe ukiuongoza. Uzi unaojilaza hunyooka hata mkono ukitikisika, kwa sababu unaning'inia. Kidole chako kidogo kiegemee mkono wa mteja, usichore ukiwa hewani. Macho yatangulie mbele, pale mstari unapokwenda, si kwenye ncha ya koni. Na toa pumzi unapochora. Wengi wetu tunabana pumzi kwenye mstari mrefu, halafu tunashangaa mkono unakakamaa.

Tatu, zoezi. Chukua sinia la bati, lile la kulia wali. Kila asubuhi kwa wiki hizi tatu lijaze maua kwa koni, ukingo hadi ukingo, na usifute hata moja mpaka sinia lijae. Likishajaa litazame, kisha lioshe. Usipige picha. Siku mbili tatu za kwanza utaumia kuyaona yale mabaya yamekaa pale yanakutazama. Vumilia. Ikifika siku ya tano utaanza kuona kitu cha ajabu: sinia likijaa, jicho halilipati tena lile ua ulilolichukia. Limemezwa na bustani.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa ukali kidogo. Ninapokwambia uyakumbatie mapungufu ya mkono, sikupi ruhusa ya ulegevu. Kuchelewa kwa mteja, kupaka na koni iliyochacha, kuacha hina ikamchafua kanga yake, kuharakisha mguu wa pili kwa kuwa umechoka, hayo yasamehewe na nani? Petali ya saba ni alama ya mkono wa mtu. Doa la uvivu si alama ya kitu. Wewe mwenyewe unaijua tofauti yake, kwa sababu la kwanza hukuliona mpaka ulipoonyeshwa, na la pili ungelijua hata gizani.

Sasa rangi ya nywele. Hapo mwanangu sikubembelezi. Usiipake ngozini mwa mtu. Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali inayoitwa PPD, na ndiyo inayompa mwenzako ule mstari mweusi wa haraka. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, tena isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na hauruhusu ipakwe kwenye ngozi. Kuna watu waliopakwa rangi hiyo wakavimba, wakatoka malengelenge baada ya siku chache, na malengelenge yale yakaacha kovu lenye umbo lile lile la ua. Mwili ukishaikataa mara moja, mtu huyo huenda asiweze kupaka rangi ya nywele maisha yake yote. Najua piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, ni yetu, na najua maharusi wa pwani wanapenda hina nyekundu ndani na mstari mweusi nje. Lakini piko inayouzwa siku hizi mara nyingi ndiyo hiyo hiyo rangi ya nywele kwenye chombo kidogo. Kama hujui kilichomo, kiache.

Na tazama jinsi lilivyoungana na tatizo lako. Mwenzako anaisifia kwa sababu inatoka sawasawa kila mahali. Hina ya kweli haitoki sawasawa. Kiganjani na nyayoni, ngozi iliyo nene, inakolea sana. Mgongoni mwa kiganja inapungua. Ukipanda kuelekea kisugudi inazidi kuwa nyepesi. Siku ya kwanza ni ya chungwa, siku ya pili au ya tatu ndipo inapoiva ikawa na wekundu wa kahawia. Ua moja linapita kwenye rangi tatu kwenye mkono mmoja. Mimi naona huo ndio uzuri wenyewe, wala sijui kwa nini mtu atake kuuzima. Tena yule shangazi aliihesabu hina asubuhi ile ile ilipobanduliwa, kabla haijaiva. Alilihukumu ua bichi.

Stika sizikatai moja kwa moja. Siku ya kuamkia Idi, watoto 40 wamepanga foleni mlangoni na kila mmoja anataka ua moja tu, bandika, paka, bandua, watoto wafurahi. Lakini kwa bibi harusi, hapana. Stika imekatwa kwa ajili ya kitu bapa, na mkono si bapa. Ina vifundo, ina mishipa, kidole kikikunjwa kila kitu kinahama. Hina inapenya chini ya stika pale inapokunjamana, unarudi kwenye pamba. Na ua la stika haliujui mkono linaoukalia. Wewe unaujua, umeushika saa mbili.

Kuhusu malipo. Kazi mliyokubaliana uliifanya, ulistahili malipo yako kamili, na kukukata nusu mbele za watu halikuwa jambo la haki. Lakini kuna mlango uliouacha wazi. Ulionyeshwa picha ukasema hewala. Kuanzia leo usiseme hewala kwa picha. Sema: "Nimeipenda picha hii, nitachukua waridi lake na namna shina linavyoshuka, lakini nachora kwa mkono, kwa hiyo mkono wako wa kulia na wa kushoto watakuwa ndugu." Mwonyeshe picha ya kazi yako yenye mikono miwili wazi. Akikunja uso, mwelekeze kwa mpaka hina mwingine kwa heshima, hamjagombana. Akikubali, chukua arbuni, na salio lilipwe usiku ule ule kabla hujafunga koni zako, lisingoje asubuhi ya wahesabuji.

Ile picha yenye duara jekundu usiifute kwenye simu yako. Nimeomba rafiki zangu wawili wapaka hina wasikie maelezo yake kutoka kwenye barua yako, bila jina lako, na mmoja akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: yule bibi harusi mwenyewe alisemaje? Barua yako nzima haina neno lake hata moja. Shangazi amehesabu, makundi yamesema, mwenye mkono amenyamaza. Siku ukikutana naye, muulize. Huenda naye ana tumba lake analolikumbuka.

Kwa binti wa mama yako mdogo, mkubalie leo, usingoje kesho. Amekuchagua akiwa ameshaiona ile picha, sina shaka, maana Mombasa ni ndogo na harusi ni moja. Mpake siku mbili kabla, rangi ipate kuiva. Unga ulowee kwa ndimu usiku wa kuamkia siku hiyo, uchujwe asubuhi. Anza na mkono wa kushoto, ukiwa na nguvu zako zote, halafu badilishana kama nilivyokueleza. Miguu muiache mwisho, na mpumzike mnywe chai kabla ya kuigusa.

Na bibi yako, mpeleke kwanza kwa daktari wa macho, kwa sababu mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na wengi wanarudi kuona. Lakini hata kama siku ya kupaka itafika kabla hajatibiwa, mchukue uende naye. Mkalishe karibu nawe, mpe bakuli la ndimu na sukari na kipande cha kitambaa, awe ndiye anayeilowesha hina inapokauka ili isipukutike mapema. Kazi hiyo haihitaji macho. Atapapasa kwa vidole, ua hadi ua, na popote atakapokuta tone limeanguka mahali patupu atakwambia.